Adabu, Adhabu na Kisasi: Wema wa Mapigo ya Mungu katika Maandiko ya Kiswahili

Katika maandishi ya Kiswahili, maneno adabu na adhabu hutenganishwa na herufi moja tu, na katika vinywa vya wasemaji wasiotamka dh kwa ukamilifu wake hata tofauti hiyo hupungua. Katika Kiarabu, yalikotoka, maneno haya hayana udugu wowote. La kwanza huanza kwa hamza na katikati lina dali; la pili huanza kwa ayni na katikati lina dhali. Lakini yalipokwisha kuingia katika Kiswahili yalikaa jirani, na ujirani wa sauti ukazaa ujirani wa maana. Mzazi humwadhibu mwanawe ili amtie adabu. Mwalimu vivyo hivyo. Methali isemayo kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye haimwambii msikilizaji kama kilio hicho ni cha adabu au ni cha adhabu, kwa kuwa katika malezi yanayofikiriwa na methali hiyo mambo hayo mawili ni kitu kimoja.

Ujirani huu haungekuwa na madhara makubwa kama ungebaki katika malezi ya watoto. Taabu huanza pale unapohamishwa kutoka kwa mzazi hadi kwa Mungu. Swali la zamani sana la wanafalsafa na wanavyuoni, yaani kama mapigo ya Mungu yanayosimuliwa katika vitabu vitakatifu yanaweza kuitwa mema, aghalabu hujibiwa katika Kiswahili kabla halijaulizwa. Gharika ya Nuhu, moto wa Sodoma, mapigo ya Misri, taabu ya Ayubu, yote huitwa adhabu. Na neno adhabu likishatajwa, msikilizaji hupokea mambo mawili kwa mpigo mmoja: kwamba aliyepigwa alistahili, na kwamba kupigwa kwake kulikusudiwa kumfaa. Mambo yote mawili yanahitaji kuthibitishwa. Neno limeyapitisha bila ushahidi.

Yafaa kuanza na jambo la kwanza, lile la kustahili. Katika Kiarabu cha Kurani, neno lililotupatia adhabu lina maana ya maumivu makali au mateso, wala si lazima mateso hayo yawe malipo ya kosa. Farao aliwapa Wana wa Israeli mateso mabaya (sura ya 2, aya ya 49), na neno linalotumika hapo ni hilo hilo, ingawa waliotendewa walikuwa ndio wenye kuonewa na mtendaji ndiye dhalimu. Ushahidi ulio mzito zaidi umo katika sura ya 38, aya ya 41. Hapo Nabii Ayubu anamlalamikia Mola wake kwamba Shetani amemgusa kwa taabu na mateso, naye anatumia neno hilo hilo. Kama neno hilo lingekuwa na maana ya malipo ya dhambi, Ayubu angekuwa anakiri kosa, na tena angekuwa amempa Shetani cheo cha hakimu. Hasemi lolote kati ya hayo. Anasema tu kwamba anaumia, na anamtaja yule ambaye maumivu yamepitia mkononi mwake. Hadithi mashuhuri ya Mtume inayoihesabu safari kuwa kipande cha adhabu huthibitisha matumizi haya, kwa maana hakuna aliyewahi kufahamu kwamba msafiri ni mwenye hatia.

Kiswahili hakikuipoteza kabisa maana hiyo pana. Mtu husema kwamba kuteka maji mbali ni adhabu, na haulizwi amekosa nini. Hata hivyo, maana iliyotawala katika shule, mahakama na mahubiri ni ile ya malipo yanayostahili kosa, na ndiyo ambayo msomaji wa leo hufungua nayo kitabu. Mfasiri akiandika adhabu pale ambapo Kiarabu kina mateso, hajakosea kamusi. Lakini msomaji wake atasikia hukumu mahali ambapo asili ina kilio.

Neno kisasi limekwenda njia iliyo kinyume. Asili yake, kisasi cha sheria kinachotajwa katika sura ya 2, aya za 178 na 179, ni malipo yenye kipimo: jeraha kwa jeraha lililo sawa nalo, bila kuzidisha, na mlango wa msamaha ukiwa wazi kwa mwenye haki. Ni jambo lililowekwa kuzuia ukoo usiangamize ukoo mwingine kwa ajili ya mtu mmoja. Katika Kiswahili cha kila siku kisasi kimebaki na uchungu wake bila mizani yake. Mwenye kisasi ni mtu mwenye kinyongo, anayevizia. Basi pale ambapo Paulo, katika barua yake kwa Warumi (12:19), anawakataza waumini wasijilipizie kwa kuwa malipo hayo ni ya Mungu, Biblia ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1952, ile ijulikanayo kwa jina la Union Version, imelitumia neno kisasi. Na msomaji asiyejua historia ya neno huenda akamwona Mungu anayejitengea kinyongo kama mtu ajitengeavyo fungu la nyama. Maneno haya mawili yamepishana njiani. Adhabu iliondoka ikiwa maumivu ikafika ikiwa haki. Kisasi kiliondoka kikiwa haki kikafika kikiwa maumivu. Mhakiki anayejadili wema wa Mungu katika Kiswahili bila kuangalia safari hii anapima kwa mizani ambayo mawe yake yamebadilishwa.

Neno la tatu si la Kiarabu. Katika amri zile kumi (Kutoka 20:5) wafasiri wa 1952 walilichagua tendo kupatiliza ili kueleza jinsi Mungu anavyowaletea wana maovu ya baba zao hata kizazi cha tatu na cha nne. Kiebrania kina tendo lenye maana ya kukagua, kuzuru, kuhesabu waliopo. Kupatiliza kunaongeza kitu: kushikilia kosa, kulifuatilia, kutokubali lipite. Ni chaguo la ustadi, na hapana shaka kwamba linaonyesha ukali wa maneno yale kuliko lugha nyingi za Ulaya zilizotosheka na kusema kwamba Mungu huyazuru maovu. Lakini ustadi huo huo unamfanya msomaji aone wazi zaidi jinsi nabii Ezekieli, katika mlango wa 18, anavyoikataa methali ya baba kula zabibu chungu na meno ya watoto kutiwa ganzi. Ezekieli hasemi kwamba methali haikueleweka. Anasema isitumiwe tena. Kurani nayo inarudia mara kadhaa kwamba hapana mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine (kwa mfano 6:164). Maandiko, basi, yana mahali ambapo yanajihukumu yenyewe, na hilo si jambo la kufichwa na wanaoyatetea.

Suala la pili, lile la adabu, ndilo lenye utajiri zaidi kwa mwanaisimu. Kiebrania cha Agano la Kale kina neno musar, ambalo linakusanya mafunzo, maonyo, nidhamu na mapigo ya mlezi. Wafasiri wa 1952 hawakulipa neno hili tafsiri moja. Katika Mithali 1:2, ambapo mwandishi anaeleza kusudi la kitabu chake, walilitafsiri kwa adabu, likiandamana na hekima. Katika Isaya 53:5, penye mtumishi anayeteseka kwa ajili ya wengine, walilitafsiri kwa adhabu. Katika Mithali 3:11, mwana anapoonywa asiudharau mkono wa Bwana unaomrekebisha, walitumia kuadhibiwa, na papo hapo wakaliweka karibu yake tendo zuri la Kiswahili, kurudi, kwa maana ile ya zamani ya kumrekebisha mtu kwa ukali, ambayo vijana wengi wa leo hawaijui tena. Hawa walikuwa watu wanaosikia lugha. Walijua kwamba musar ina pande mbili, nao wakabahatika kuwa na maneno mawili yanayofanana kwa sauti ili kuzionyesha pande hizo. Ni vigumu kudhani kwamba ufanano huo haukuwavutia.

Lakini tazama linavyotumika neno hilo hilo katika kitabu cha Ayubu. Wa kwanza wa marafiki watatu kusema ni Elifazi Mtemani. Hotuba yake ya kwanza ni ya upole; hamtukani Ayubu, wala hamshitaki waziwazi. Katika 5:17 anamwambia kwamba heri mtu ambaye Mungu humrudi, na kwamba asidharau kuadhibiwa na Mwenyezi. Neno alitumialo ni musar. Usemi wake unakaribia sana ule wa Mithali 3:11, na mtu akiusoma peke yake ataupeleka mimbarini bila wasiwasi. Ni maneno ya dini, ni maneno ya adabu, na yamo katika Maandiko. Kisha mwishoni mwa kitabu (42:7) Mungu mwenyewe anamwambia Elifazi kwamba ghadhabu yake imewaka juu yake na juu ya rafiki zake wawili, kwa kuwa hawakusema yaliyo sawa kama alivyosema Ayubu.

Hili ni jambo la ajabu ambalo wafafanuzi wengi wamelipita kwa haraka. Ayubu alikuwa amelalamika, ameilaani siku ya kuzaliwa kwake, amedai Mungu asimame naye mbele ya mwamuzi. Elifazi alikuwa amemtetea Mungu kwa usemi uliokwisha kubalika. Aliyekemewa ni mtetezi. Wala sababu yake haifichiki kwa msomaji, maana milango miwili ya mwanzo imekwisha kumweleza kwamba taabu ya Ayubu haikuwa malipo ya kosa lolote. Usemi ulio kweli mdomoni mwa baba anayemfunza mwanawe ulikuwa uongo mdomoni mwa mtu mzima aketiye mbele ya jirani aliyefiwa na watoto kumi. Tofauti ya semi hizi mbili imo katika uhusiano wa msemaji na msikilizaji, na Elifazi hakuwa na haki ya kukiketi kiti cha baba.

Kosa la Elifazi halikufa pamoja naye. Mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI alitambuliwa nchini Kenya mwaka 1984, na katika miaka iliyofuata usemi kwamba maradhi yale ni adhabu ya Mungu kwa uzinzi ulisikika sana makanisani, misikitini na vilioni. Waliousema hawakuwa watu wabaya. Wengi wao walikuwa wakitaka kuwaonya vijana, yaani walikuwa wakifikiri juu ya adabu. Lakini neno walilolitoa lilikuwa adhabu, nalo liliwafikia mke aliyeambukizwa na mumewe na kitoto kilichozaliwa na maradhi hayo. Wakaanza kufichwa vyumbani, wakafa wakiwa na hatia ya kupewa. Iwapo kuna mahali ambapo mjadala huu wa maneno unatoka katika vitabu na kugusa maisha ya watu, ni hapo. Mzazi wa kitoto kile alihitaji kuambiwa kwamba katika Maandiko yenyewe Elifazi alikemewa.

Je, yasemwe basi kwamba hakuna pigo la Mungu linaloweza kuitwa jema? Hapana, na wanaosema hivyo kwa wepesi aghalabu ni watu ambao hawajawahi kudhulumiwa bila kupata wa kuwasikiliza. Upande wa adabu ukiondolewa, uko upande mwingine ulio na nguvu zaidi, ambao ufanano wa sauti umeufunika kwa muda mrefu. Ni haki ya mdhulumiwa. Damu ya Habili inalia kutoka ardhini (Mwanzo 4:10) kabla hakujatokea sheria wala hakimu. Watumwa wa Misri wanalia, na kilio chao kinafika (Kutoka 3:7). Hadithi inasema kwamba baina ya dua ya aliyedhulumiwa na Mwenyezi Mungu hapana pazia, na Waswahili wana usemi wao kwamba Mungu si Athumani. Katika mifano hii faida ya pigo si ya anayepigwa. Kaini hafunzwi adabu kwa ajili ya kufunzwa tu. Anayeshughulikiwa kwanza ni yule aliyelala ardhini, ambaye bila Mungu angekuwa hana wakili. Mungu asiyeudhika kwa ajili ya Habili angekuwa mpole, lakini ingekuwa vigumu kumwita mwema.

Huu ndio msingi unaoweza kulibeba neno adhabu bila kulivunja. Wakati huo huo ni msingi unaokata pande zote mbili, kwa kuwa unampa msomaji kipimo cha kuyapima mapigo yenyewe. Pigo ni jema kwa kadiri linavyomrudishia mdhulumiwa haki yake. Na likimpiga mdhulumiwa mwingine, kipimo kinagoma.

Hapo ndipo linapokuja pigo la kumi la Misri. Kutoka 11:5 inaeleza upana wake kwa uangalifu unaotisha: kutoka mzaliwa wa kwanza wa Farao aketiye katika kiti cha enzi hadi mzaliwa wa kwanza wa mjakazi aliye nyuma ya jiwe la kusagia. Katika 12:29 mjakazi huyu ameondolewa na mahali pake amewekwa mfungwa aliye gerezani. Mwandishi alitaka kuonyesha ukamilifu wa pigo, juu hata chini, na katika usimulizi mbinu hiyo ni ya kawaida. Lakini kwa kutafuta mtu wa chini kabisa alimkuta mtu ambaye hali yake ni sawa na ya Waisraeli wenyewe. Mjakazi asagaye nafaka za bwana wake hakuamuru watoto wa Waebrania watupwe mtoni. Hakushauriwa. Yeye pia angeweza kulia, na kwa kanuni ile ile kilio chake kilistahili kufika. Wasemaji wa Kiswahili wana methali mbili zinazofaa hapa, na zinapingana. Moja husema samaki mmoja akioza huoza wote, nayo ndiyo inayotumiwa kuhalalisha pigo la jumla. Nyingine husema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Methali ya kwanza hunenwa na mwenye kapu la samaki. Ya pili hunenwa na nyasi.

Simulizi la Kurani juu ya Farao halina kifo cha wazaliwa wa kwanza. Lina ishara tisa (17:101), zikiwemo tufani, nzige, chawa, vyura na damu, na mwisho wake ni Farao na majeshi yake kuzama baharini. Wanaopigwa pigo la mwisho ni wale waliotoka na silaha kuwafuatia watu waliokuwa wakitoroka. Haitakuwa haki kuifanya tofauti hii iwe silaha ya dini moja dhidi ya nyingine, kwa kuwa Kurani ina mapigo yake ya jumla, ya kina Adi na Thamudi na kaumu ya Luti, ambayo msomaji mwenye moyo atauliza juu yake swali lile lile la watoto wachanga. Inatosha kuona kwamba simulizi moja linaweza kusimuliwa kwa namna ambayo mjakazi haguswi, na kwamba msomaji aliyeyasoma yote mawili hawezi tena kusema kwamba jambo lile halina uzito.

Yafaa pia kuangalia wale wanaoruhusiwa kubishana. Katika Mwanzo 18 Ibrahimu anasimama na kushusha hesabu kutoka watu 50 hadi 10, akiuliza kama inawezekana mhukumu wa dunia yote asitende haki. Anatumia neno haki kama neno ambalo yeye na Mungu wanalijua wote wawili. Kama lingekuwa na maana moja tu, yaani lolote alitendalo Mungu, swali lake lisingekuwa na maana. Kurani (11:74-76) inamtaja Ibrahimu akijadiliana juu ya kaumu ya Luti, inamsifu papo hapo kuwa mpole mwenye huruma, kisha inamwambia aliache jambo hilo. Sifa inatangulia katazo. Musa naye, watu walipoabudu ndama, aliomba afutwe yeye katika kitabu kama wao hawasamehewi (Kutoka 32:32). Hakuna hata mmoja wa hawa aliyeitwa kafiri kwa kusema hivyo.

Wanavyuoni wa Kiislamu waliigawa hoja hii mapema. Mu'tazila walishikilia kwamba akili inaweza kujua wema na ubaya, na kwamba Mungu, kwa kuwa ni mwadilifu, hatendi ubaya huo. Al-Ash'ari, aliyefariki katika karne ya 10, na waliomfuata walisema wema ni kile ambacho Mungu amekiamuru, wala hakuna kipimo kilicho juu yake. Madhehebu ya Shafi yaliyoenea katika pwani ya Afrika Mashariki yalifika yakiandamana zaidi na itikadi hii ya pili. Plato aliuliza swali lilo hilo kwa Kigiriki kabla yao wote. Si lazima kuirudia hapa safari nzima ya mabishano hayo. Yatosha kusema kwamba washairi wa pwani, hata walipokiri itikadi ya al-Ash'ari, hawakuacha kumfanya mdhulumiwa aseme. Na kwa watu wanaopenda michezo ya maneno, ikumbukwe kwamba Kiswahili si lugha ya kwanza kulichezea neno hili: Ibn Arabi, katika karne ya 13, alilihusisha neno la Kiarabu la adhabu na lile la maji matamu, akadokeza kwamba mwisho wa moto wenyewe una utamu kwa walio ndani yake. Wengi walimkasirikia.

Mfano mwema kuliko yote wa pigo lililogeuka adabu ni Ninawi, na uligeuka hivyo kwa sababu pigo halikuanguka. Kitabu cha Yona kinaishia kwa Mungu kuuliza kama hapaswi kuuhurumia mji wenye watu zaidi ya 120,000 wasiojua kupambanua mkono wa kuume na wa kushoto, na wanyama wengi. Kurani (37:147) inautaja umma wa Yunusi kuwa ni watu 100,000 au zaidi, na katika 10:98 inawatenga kama mji uliofaidika na imani yake, ukaondolewa mateso. Hesabu hizi si pambo. Katika masimulizi ya Gharika na ya Sodoma waliokufa hawahesabiwi. Wanahesabiwa hapa, walipoachwa hai. Adabu yataka mtu wa kuishika, naye lazima awe hai. Ndiyo maana ni kazi bure kusema kwamba Gharika iliwafunza adabu watu wa wakati wa Nuhu. Kama iliwafunza watu, ni wale waliozaliwa baadaye, na mtu aliyekufa ili mwingine ajifunze hajafanyiwa wema kwa hilo.

Kwa mhakiki wa fasihi ya Kiswahili hoja hii yote inarudi, bila kulazimishwa, katika Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, iliyotungwa karibu na mwanzo wa karne ya 19, wakati Pate ilipokwisha kuporomoka. Ni mazoea kuusoma utenzi huu kama hadithi ya adhabu: watu wa Pate walitajirika, wakajivuna, Mungu akawaangusha, na popo na njiwa wakarithi madaka ya kaure. Usomaji huo una sehemu ya ukweli, kwa kuwa mshairi hakuificha mikogo ya mabwana wale. Lakini akisomwa polepole, mshairi hafanyi hesabu ya Elifazi. Katika beti za magofu kinachowageuka wenye majumba ni dunia, na kinachowachukua ni mauti. Orodha ya wafu ina wenye elimu na wacha Mungu pamoja na wenye fahari, na mshairi hawatenganishi kwa kusema hawa walilipwa na wale walijaribiwa. Kuanguka kwa Pate kulikuwa na sababu zake za kidunia, zikiwemo vita vya kugombea utawala, ugomvi na Siyu na Lamu, na vita vya Shela vya mwanzo wa karne hiyo. Mshairi hakuziandika sababu hizo, wala hakuziba nafasi yake kwa ghadhabu ya Mungu.

Adhabu inaingia baadaye, katika beti za Kiyama, nayo inaingia kwa mlango wa haki. Anayesimama kusema mbele ya Mola ni aliyedhulumiwa, akimdai aliyemdhulumu. Fikra iliyomo ni ile ya hadithi ya mufilisi, mtu anayefika Akhera na thawabu tele kisha zikagawanywa zote kwa wale aliowaonea, na zikiisha, dhambi zao zikahamishiwa kwake. Mioto yenye majina yake ya kutisha inafuata baada ya dai hilo. Mpangilio huo si wa bahati nasibu. Lau mshairi angetaka kuitumia mioto hiyo kuyaeleza magofu, angeiweka karibu na magofu; ameiweka karibu na mlalamikaji.

Tena, katika utenzi wote huo, anayeonywa ni mmoja. Ni moyo wa mshairi mwenyewe. Yeye anauita, anauuliza kwa nini hauzinduki, anaushika mkono na kuutembeza katika nyumba za jamaa zake waliokufa. Elifazi alilielekeza neno la adhabu kwa jirani. Sayyid Abdalla amelielekeza ndani. Wahakiki waliokuja baadaye, wakiusoma utenzi huu kama hukumu juu ya Pate, wamelichukua neno hilo kutoka mahali alipoliweka na kuwatwika wafu ambao yeye, aliyewajua kwa majina, hakuwatwika.

Mjakazi wa jiwe la kusagia hana beti zake. Pate nayo ilikuwa na watumwa, na mawe ya kusagia, na walioketi nyuma yake. Walianguka pamoja na nyumba zilizowaweka, na katika orodha ya walioondoka hawamo.